Huo Udongo Usi...

Ilikuwa Jumapili, saa nne ya usiku, na simu ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza kama mtoto aliyesusa. Mama Chekecheke aliigeuza, akaitazama, akairudisha vilevile. Dakika haikuisha akaigeuza tena. Binti yake hakuwa amepiga tangu jana jioni, na hata hiyo ya jana haikuwa simu ya kuhesabia. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na mvua ikipiga bati, halafu sauti ya binti ikaja vipandevipande: "Mama... huo udongo usi..." Kisha kimya. Tangu hapo kila alipopiga yeye alijibiwa na yule mwanamke wa mtandao, ambaye hachoki wala hakasiriki, kwamba namba anayopiga haipatikani.

Huo udongo usi nini?

Udongo wenyewe ulikuwa palepale jikoni, umeegemezwa ukutani: mifuko sita ya nailoni iliyofungwa kamba, kila mmoja na kadi yake, yote ndani ya gunia moja. Uliletwa jana mchana na mtu wa gari la maziwa. Alisema daraja limefunikwa na maji, gari la kituo cha udongo limeshindwa kuvuka, yeye mwenyewe amepita kwa njia ya juu, lakini binti na dereva wamepata pa kulala shuleni na hawana neno.

"Amevaa koti?" Mama Chekecheke alimuuliza.

"Mama, mimi ni mtu wa maziwa. Sikumkagua."

"Anakohoa?"

"Alikuwa anacheka."

Hilo la kucheka ndilo lililomkosesha raha. Binti yake, tangu angali mdogo, akibanwa na jambo zito hucheka. Siku aliyovunjika mkono alicheka hadi hospitali.

Na jambo zito lilikuwepo. Mama Chekecheke alilijua vizuri kwa sababu lilipita mikononi mwake.

Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kituo cha uchunguzi wa udongo. Aliingia kama mfagiaji, na elimu yake ya darasa la sita, akiwa na mtoto mmoja na mume aliyeanza kuugua. Kisha siku moja mashine ya kusaga sampuli ikagoma, na mifuko ikarundikana hadi dirishani. Yeye akaweka fagio pembeni, akachukua kinu na mchi, akaanza kuponda. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza. Mashine ilipotengenezwa wataalamu waligundua kwamba udongo wa mama una namba zinazotulia kuliko wa mashine, na fagio likapewa mtu mwingine. Tangu hapo kazi yake ikawa ni hiyo: udongo unaletwa kutoka mashambani, yeye anauanika kivulini siku nne au tano, anauponda, anaupitisha kwenye chekecheke lenye matundu ya milimita mbili, kisha anaukabidhi kwa wenye makoti meupe. Jina la Mama Chekecheke lilianzia pale, likamfuata hadi dukani.

Mtu hawezi kushika udongo wa watu miaka yote hiyo asijuane nao. Yeye aliupa majina. Kulikuwa na Mchoyo, ule mweusi wa mabondeni, ambao ukishameza maji hautoi hata tone na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kulikuwa na Mpayukaji, ule mweupe ambao ukidondoshewa asidi kidogo tu unatoa povu na kupiga kelele. Kulikuwa na Bwana Harusi, mwekundu, anayependeza macho ya kila mtu, lakini ukimpima ndani hana kitu. Wenye makoti meupe walicheka majina hayo, kisha wakaanza kuyatumia.

Binti yake alikulia chini ya meza ile ya kupondea. Alichezea makopo ya sampuli kama wenzake walivyochezea wanasesere. Hakuna aliyeshangaa alipokwenda kusomea udongo, wala aliporudi akapata kazi ya majaribio palepale, kwenye kundi la kuchora ramani ya udongo wa mlimani. Kituoni walimwita Mashimo, kwa sababu mahali ambapo wenzake wangechimba shimo moja yeye alichimba matatu.

Sasa, wiki tatu nyuma, Mashimo alileta mifuko kutoka mteremko wa juu, kule kwenye ukungu. Kwenye daftari la shambani alikuwa ameandika: laini, unateleza vidoleni kama sabuni, unashikana, udongo wa mfinyanzi mwingi. Mvua za mjini zilikuwa zimechachamaa, kibanda cha kuanikia kinavuja, na Mkuu wa maabara alikuwa na haraka. "Hakuna muda wa kuanika, mama. Tia oveni," alisema. Mama Chekecheke akatia oveni. Majibu yakatoka: mchanga, sabini na moja nukta nne kwa mia. Mfinyanzi, sita.

Mkuu huyo walimwita Desimali, kwa sababu hata ukimuuliza saa angekupa na nukta. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba namba ikishaandikwa kwenye karatasi imekuwa kama ukuta. Aliita kundi zima, akaweka daftari huku na karatasi ya maabara kule, akasema, "Kimoja kati ya hivi viwili kinasema uongo. Na maabara haina sababu ya kusema uongo."

Kufikia saa ya chai neno lilikuwa limezunguka kituo kizima: Mashimo kapika takwimu. Kakaa ndani ya gari, mvua inanyesha nje, kaandika kutoka kichwani.

Mkuu alimpa nafasi moja. Arudi, achimbe upya, alete udongo mwingine. Jumatatu saa tisa alasiri ramani inafungwa. Mchanga ukitoka tena, jina la Mashimo linatoka kwenye ramani na yeye anatoka kwenye kazi. Na mtu akishaitwa mpishi wa takwimu, hakuna kituo kitakachomkabidhi jembe lake.

Ndiyo maana Mama Chekecheke hakulala usiku ule. Mkuu alikuwa amempigia jioni. "Mama, nasikia mifuko imefika kwako. Ufunguo unao. Usiku huu iingie oveni, asubuhi uponde, saa nne naanza kupima. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari," alijibu, maana ndivyo alivyozoea kujibu.

Na bado hakuwa amekwenda. Ufunguo ulikuwa ukutani, kituo ni mwendo wa dakika kumi na tano, mwavuli upo. Kilichomshika ni lile neno lililokatika. Alilikalia kama kuku. Usi... Alijaribu kulimalizia yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, akihesabu kwa vidole. Usiufungue. Usiuloweshe. Usiuchanganye. Usimpe mtu. Hayo yote hayakuwa na shida, hakuwa amefungua wala kumpa mtu. Lakini kulikuwa na mawili yaliyobaki, nayo yalivutana kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Usiucheleweshe. Basi achukue mwavuli akimbie sasa hivi. Usiukaushe. Basi akae palepale. Mdomo ni ule ule, mwanzo ni ule ule, na kila moja lina njia yake.

Akaona kuliko kukisia afadhali atafute. Juu ya kabati kulikuwa na daftari la safari ya kwanza, lile lililodaiwa kuwa la uongo. Binti alilitupa pale akasema hataki kuliona. Mama Chekecheke alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alisoma kama mtu anayepewa habari za mchumba wa mwanawe: anakaa wapi, majirani zake nani, anakula nini.

Anakaa juu, mita elfu mbili na mia tatu. Mteremko, kumi na nane kwa mia, wa mviringo kama bega. Mlima wenyewe ulikuwa wa moto zamani za kale, ukalala. Chini ya udongo, majivu ya mlima, tabaka juu ya tabaka. Rangi nyeusi yenye kahawia. Mwepesi: bonge la ukubwa wa tofali unaliinua kwa mkono mmoja kama mkate. Joto la wastani, nyuzi kumi na nne. Kisha ukurasa mzima wa mvua, ulionakiliwa kutoka kwenye kipima mvua cha shuleni, miaka kumi na miwili, mwezi baada ya mwezi. Mama Chekecheke alipitisha kidole chini ya safu ile akitafuta mwezi mtupu. Hakuupata. Mwezi uliokuwa na mvua kidogo kuliko yote ulikuwa na milimita sitini. Pembeni binti alikuwa ameandika: na ukungu kila asubuhi, hata siku zisizo na mvua.

Chini kabisa kulikuwa na mstari uliopigwa wino mara mbili. Nimemuuliza mama mwenye shamba: kiangazi vumbi huwa jingi? Amenicheka. Amesema, vumbi ndiyo nini?

Mama Chekecheke alivua miwani akaifuta, akavaa tena, akasoma mstari ule upya.

Akakumbuka kitu. Siku ile ya wiki tatu nyuma, alipotoa udongo oveni na kuutia kinuni, mchi haukukutana na kitu cha kuupinga. Udongo wenye mfinyanzi ukikauka huwa mgumu kama biskuti ya jeshi. Huu ulivunjika punjepunje kama sukari. Aliona. Alijiuliza. Na hakusema, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuponda, na nani angemuuliza mponda udongo anaonaje.

Hakuthubutu kufungua mfuko. Mfuko wenye kadi haufunguliwi hadi uandikishwe, na akifungua yeye, mama wa mtuhumiwa, ndiyo wangepata la kusema. Lakini ndani ya gunia, nje ya mifuko, kulikuwa na tope lililogandamana na nailoni wakati wa kufunga, bado bichi. Alilikusanya kwa kijiko, likajaa kiganja. Alilibonyeza. Lilikuwa limekaza kidogo. Alipozidi kulibana likalegea ghafla, likatoa maji kama limetokwa jasho, likateleza kati ya vidole. Alipoachia likakaza tena. Alirudia mara tatu. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kukutana na udongo wenye haya namna ile.

"Wewe ni nani?" aliuuliza.

Aligawa mara mbili. Nusu akaifunika kwa bakuli. Nusu nyingine akaitia kwenye kikaango, akawasha gesi moto wa wastani.

Harufu haikuwa mbaya, lakini ilitosha kumwamsha mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, alitembea kwa kupapasa ukuta, lakini pua yake haikuwa imezeeka hata siku moja.

"Mwanangu, unakaanga nini saa hizi?"

"Udongo, mama."

Bibi alinusa tena. "Umeutia chumvi?"

"Mama, usinichekeshe, nina mawazo."

"Sikuchekeshi. Wanasema mjukuu wangu anapika takwimu. Kumbe kaurithi upishi kwa mama yake." Akavuta kiti, akakaa. "Haya, niambie unatafuta nini."

Mama Chekecheke alimweleza, huku akigeuza udongo kwa mwiko. Ulipoacha kutoa mvuke aliumwaga kwenye sahani, akaupoza, akaurudishia maji kidogo kidogo na kuukanda, kama anavyowaona wenye makoti meupe wakifanya kazini kwa kila udongo. Alisubiri. Akaukanda tena. Ndipo alipomgeukia mama mkwe wake, na macho yake yasiyoona yakawa ghafla kitu cha thamani. Huyu hakuona rangi ya sahani, hakujua ipi ni ipi. Huyu hana upande.

"Mama, lete vidole. Huu wa kwanza unaonaje?"

Bibi alisugua. "Siagi."

"Na huu?"

"Huu wa kujengea. Mchanga. Mbona unanikwaruza?"

"Ni udongo mmoja, mama. Umetoka kijiko kimoja."

"Nenda zako. Mimi macho ndiyo yameharibika, vidole bado ni vyangu."

Walirudia kwa kubadilisha mikono, na bibi hakukosea hata mara moja. Kisha Mama Chekecheke, kwa sababu alijijua kwamba anataka sana jambo hili liwe kweli, akatoka uani na tochi, akachota udongo mwekundu wa kwenye chungu cha ua. Naye akamkaanga Bwana Harusi mpaka akawa vumbi, akamrudishia maji. Hakuchukua muda. Alirudi kuwa tope lile lile, laini lile lile, kama mtu aliyetoka safari akavaa kandambili zake.

"Huyu karudi," alisema.

"Na yule?" bibi aliuliza.

Yule hakurudi. Saa sita ikafika, saa saba ikapita, udongo wa mlimani uko ndani ya maji na bado ni mchanga.

Mama Chekecheke alikaa chini. Mawazo yalikuja moja moja, bila fujo, kama watu wanaoingia chumbani na kutafuta pa kukaa. Udongo unaonyeshewa mwaka mzima. Usiku ukungu unaufunika. Watu wake hawajui vumbi. Basi tangu mlima ulipotema majivu yale, udongo ule haukuwahi kukauka hata siku moja. Mchoyo amezoea, kila kiangazi anakauka na kila masika anarudi. Bwana Harusi amezoea. Huyu hajui kukauka ni nini, na akikaushwa mara moja tu hapati njia ya kurudi. Na siku ya kwanza ya kukaushwa kwake, tangu dunia ipoe, ilikuwa Jumanne ile, katika oveni ya kituo, kwa nyuzi mia moja na tano. Mlango alifunga yeye.

"Kwa hiyo mtoto hakupika," bibi alisema.

"Hakupika, mama. Tuliopika ni sisi."

Ufunguo ulibaki ukutani hadi kulipokucha. Simu nayo ilibaki kimya.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifika kituoni, gunia mgongoni, sahani mbili zimefunikwa ndani ya kapu. Alitumaini kuwa wa kwanza. Gari la Mkuu lilikuwa limeshaegeshwa, na taa ya chumba cha kukaushia inawaka.

Desimali alikuwa amesimama mbele ya oveni. Alikuwa ameiwasha mwenyewe. Taa yake nyekundu ilikuwa imewaka, na sindano inapanda. Oveni ile ilikuwa kuukuu, mlango wake wa chuma ukifunguliwa hulia kama paka aliyekanyagwa, na kituo kizima kikisikia kilio kile hujua Mama Chekecheke ameanza kazi.

"Mama," alisema, "nimefika hapa nikakuta oveni ya baridi. Tulielewana nini jana?"

"Tulielewana, daktari. Nikaja kutoelewana baadaye."

"Nini?"

Kapu alikuwa ameshaliweka mezani na sahani zimeshafunuliwa. "Naomba kidole chako."

Aligusa ya kwanza, akagusa ya pili, akiwa na uso wa mtu anayelazimishwa kuonja dawa. Alipoambiwa ni udongo mmoja, uso ule ukakaza. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini nitajuaje ni udongo mmoja? Wewe ni mama yake. Hata ningekuwa mimi, ningemtetea mwanangu."

Hilo alilitarajia. Usiku kucha alikuwa akilijibu. "Ni kweli, daktari, usiniamini. Chagua mfuko mwenyewe. Fungua mwenyewe. Moto wako uko pale. Mimi nitasimama dirishani, mikono nyuma."

Akaenda dirishani kweli, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Mkuu alikunja mikono ya koti lake. Udadisi ulikuwa haujamfia. Ulikuwa umefunikwa tu na makaratasi. Alichagua mfuko wa nne, akauandikisha, akachota vijiko viwili vilivyolingana, akavipima kwenye mizani hadi nukta ya tatu. Kimoja akakikausha kwenye kibakuli juu ya moto wa gesi. Kimoja akakiacha kibichi. Kisha akachukua silinda mbili ndefu za kioo, akatia maji na dawa ya kutenganisha chembe, akatia udongo, akaziba kwa viganja, akatikisa zote pamoja, akaziweka mezani na kutazama saa yake.

Katika silinda ya udongo mkavu, chembe zilishuka kama mvua ya mawe. Kabla dakika haijaisha zilikuwa zimelala chini, maji juu yake meupe. Katika ile nyingine maji yalibaki meusi. Dakika tano. Dakika kumi. Yalibaki meusi tu, na hakuna kilichoonekana kushuka.

"Haiwezekani," alisema Desimali, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayefurahi. Akachuchumaa, jicho likawa sawa na kioo. "Haurudi?"

"Nimeukanda usiku kucha. Haurudi."

"Na kwa nini wa bondeni unarudi?"

"Wa bondeni amezoea kukauka, daktari. Huyu hajawahi. Soma mvua yake." Akatoa daftari, akalifungua penye safu ya miezi. "Tafuta mwezi mkavu. Mimi sikuuona, labda macho."

Alitafuta. Akasoma pia juu ya mteremko, na majivu, na bonge jepesi kama mkate, na yule mama aliyecheka kuhusu vumbi. Alisoma ukurasa ule ule aliokuwa ameuita uongo, na safari hii hakuruka mstari. Alipofika mwisho masikio yake yalikuwa mekundu.

"Maabara haina sababu ya kusema uongo," alisema polepole.

"Haina, daktari. Iliulizwa vibaya tu. Na mimi nilikuwa na mkono ndani yake."

Hapo nje gari la kituo, lililovuka maji yalipopungua darajani, lilinguruma, likazima, na kabla mtu hajatoka chumbani viatu vizito vilisikika koridoni. Binti aliingia, tope hadi mapajani, koti hana, nywele zimesimama. Mama yake alimkagua kuanzia juu hadi chini kabla hajasema neno.

"Koti liko wapi?"

"Nimempa dereva, alikuwa anatetemeka. Mama, shikamoo. Shikamoo, daktari." Kisha akaziona silinda mbili, akaona jinsi Mkuu alivyochuchumaa mbele yake, akaduwaa. "Mnafanya nini?"

"Mama yako amenifundisha kazi," alisema Mkuu. "Kaukaanga udongo wako."

"Nilifuata maneno yako," Mama Chekecheke alimwambia binti. "Ulisema, huo udongo usi... ikakatika. Nimekesha nalo. Ulikuwa unanikataza kuukausha, siyo?"

Binti alikunja uso akikumbuka, kisha akaanza kucheka, na safari hii hakikuwa kile kicheko chake cha shida. "Kukukataza? Mama, mimi sikukukataza kitu. Kule juu mimi na dereva tumeupa jina, kama unavyoyapa wewe. Tunauita Udongo Usiowahi Kukauka. Nilikuwa nakuuliza tu: mama, huo Udongo Usiowahi Kukauka umefika?"

Mama Chekecheke alivuta kiti, akakaa.

"Hata sikufikiria oveni," binti aliendelea, na kicheko kikampungua kadiri alivyoelewa. "Mama, mimi nilidhani nilikosea mimi. Nilishaandaa maneno ya kuomba radhi. Njia nzima nayarudia."

"Yaweke," alisema Mkuu. "Huenda nikayaazima. Saa tisa nina watu wa ramani, na mwenye kuomba radhi ni mimi." Alichukua karatasi ya zamani, ile ya sabini na moja nukta nne, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe. Kisha akatazama ile mifuko sita, mmoja umefunguliwa, mitano na kamba zake. "Itapimwa ikiwa mibichi. Yote. Jina la huyu tutaliandika vipi?"

"Si mmeshasikia?" alisema Mama Chekecheke.

Oveni ilikuwa bado inanguruma nyuma yao, sindano imefika penye mia na tano, tayari, ikisubiri kama ilivyosubiri miaka yote. Wenye makoti meupe walianza kuingia koridoni, na mmoja akauliza kwa sauti mbona leo paka hajalia. Mkuu alinyoosha mkono. Hakushika kitasa. Alizungusha swichi, taa nyekundu ikazimika, na mlango ukabaki umefungwa.